Mwana wa Mtumwa na Swali la Uhuru

Katika historia ya fasihi ya Roma ya kale, washairi wanne ndio wanaohesabiwa kuwa nguzo za tashtiti, yaani utungo unaofichua maovu na upumbavu wa watu kwa dhihaka. Wa kwanza ni Lucilius, aliyefariki yapata mwaka 102 KK. Wa pili ni Horatius, aliyeishi kati ya mwaka 65 KK na mwaka 8 KK. Baada yao wakaja Persius, aliyekufa kijana mwaka 62 BK, na Juvenalis, aliyetunga mwanzoni mwa karne ya 2. Watatu kati ya hao wanasifiwa kwa ukali wao. Horatius amebebeshwa sifa ya upole, na wasomaji wengi wameunusa upole huo wakahisi harufu ya woga. Husemwa kwamba alipewa shamba na tajiri, akakaribishwa na mtawala, na tangu siku hiyo shukrani ikamfunga ulimi. Hukumu hiyo imerudiwa mno hata imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Nadhani si ya haki, na sababu zangu nitazichukua katika maisha yake na katika tungo zake zenyewe. Horatius alikuwa na swali moja lililomkera kuliko mengine yote: mtu anayekula kwa mkono wa mwenziwe anawezaje kubaki huru? Swali hilo hakungoja kufunzwa na wanafalsafa. Alilikuta nyumbani kwao, kwa sababu baba yake mzazi alikuwa mtu aliyewahi kumilikiwa.

Quintus Horatius Flaccus alizaliwa tarehe 8 Desemba mwaka 65 KK huko Venusia, mji mdogo wa kusini mwa Italia. Kabla ya hapo baba yake alikuwa amekwisha kuachwa huru. Sheria ya Kirumi ilikuwa na utaratibu ambao hata Wagiriki waliustaajabia: mtumwa aliyeachwa huru kisheria na raia wa Roma, naye aliingia katika uraia. Hata hivyo uhuru huo ulikuja na deni. Bwana wa zamani aliendelea kudai heshima, na mara nyingi kazi pia, na kwa yule aliyemwacha huru jina lake likawa patronus, neno lilelile walilolitumia wanyonge wa mjini kumwita mkubwa aliyewakingia kifua. Mtoto aliyezaliwa baada ya baba kuachwa alikuwa huru mbele ya sheria, ila midomo ya watu haikuishia kwenye sheria. Horatius mwenyewe anaeleza, katika utungo wa sita wa kitabu chake cha kwanza cha tashtiti, kwamba kila mtu alimtafuna kwa neno hilo hilo, mwana wa mtumwa aliyeachwa, kwanza alipopewa cheo jeshini, kisha alipokubaliwa katika nyumba ya mkubwa. Wapo wanaodai kwamba aliutia chumvi unyonge wa babake, kwa kuwa fukara asingeweza kumsomesha mwanawe mbali na kwao. Wengine hukisia kwamba mzee huyo alizaliwa huru, akatekwa katika vita vya mwaka 91 hadi 88 KK, ambapo Venusia ilijiunga na Waitalia waliowaasi Warumi. Makisio hayo yanaweza kuwa kweli yasiibomoe hoja. Fedha hujaza mkoba, na nasaba ya zamani huweza kuliwaza moyo, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachofuta kumbukumbu ya kuwa na bwana.

Mzee huyo alikuwa na kishamba cha udongo hafifu, na kazi yake ilikuwa kwenye minada, kukusanya fedha za wanunuzi. Venusia ilikuwa na shule ya mwalimu Flavius, ambako wana wa maakida wa jeshi walikwenda na mikoba yao begani wakijiona ndio wakubwa wa mji. Baba hakumpeleka mwanawe huko. Alimchukua hadi Roma akasome yale wanayosomeshwa wana wa maseneta, na mmoja wa walimu wake akawa Orbilius, mtu aliyejulikana kwa fimbo yake. Katika nyumba za Warumi wenye uwezo, kumsindikiza mtoto kwa walimu na kumlinda njiani ilikuwa kazi ya mtumwa. Baba wa Horatius aliifanya kazi hiyo mwenyewe, akimfuata mwanawe kwa kila mwalimu. Jambo hili husomwa kwa haraka kama alama ya mapenzi tu, lakini lina uzito zaidi. Mtu aliyetoka utumwani aliirudia kazi ya mtumwa kwa hiari yake, ili mwanawe asipate bwana mwingine ndani ya nafsi, yaani tamaa na uovu. Horatius alielewa hivyo, kwani anasema asingebadilisha wazazi wake hata kama angepewa nafasi ya kuchagua wengine.

Kuna sehemu nyingine ya malezi hayo iliyozaa moja kwa moja ushairi wake. Baba hakuwa na elimu ya falsafa ya kumweleza mwanawe kwa nini jambo hili ni jema na lile ni baya. Alichofanya ni kumwonyesha kwa kidole: mtazame yule, kijana aliyetapanya urithi wake, na mtazame huyu, jina lake limechafuka kwa ajili ya mke wa mtu. Wahenga wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mzee huyu aliuleta ulimwengu nyumbani mapema ili usije ukamfunza mwanawe kwa gharama kubwa zaidi. Horatius anasema waziwazi kwamba tashtiti yake imetoka hapo. Maneno hayo yanatufundisha namna ya kumsoma. Mtu anayemwonyesha mwanawe makosa ya jirani hataki kumwangamiza jirani. Anataka mwana ajitazame. Atakayeitafuta katika tungo za Horatius hasira ya mshitaki mahakamani ataikosa, kwa sababu mbegu iliyopandwa ilikuwa ya mlezi.

Akiwa kijana alikwenda Athene kusoma falsafa, na huko historia ikamkuta. Julius Caesar aliuawa mwezi Machi mwaka 44 KK, na baadaye mwaka huo huo Brutus, mmoja wa waliomuua, akafika Athene kutafuta watu wa kuitetea jamhuri. Vijana wa Kirumi waliokuwa masomoni walimfuata. Horatius alipewa cheo cha ofisa mwenye amri juu ya lejiuni, cheo ambacho wakubwa waliona hakimfai mtu wa asili yake. Mwaka 42 KK majeshi yalikutana Filipi, mji wa Makedonia ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa waraka wa Paulo ulioandikwa takriban karne moja baadaye. Brutus alishindwa akajiua. Horatius alikuwa na miaka 22, na katika utungo mmoja wa baadaye anakiri kwamba alikimbia akaacha ngao yake. Wapo washairi wa Kiyunani waliosema hivyo kabla yake, na huenda aliwafuata kwa makusudi. Hata hivyo kukiri kwake kushindwa, tena mbele ya wasomaji waliokuwa upande wa ushindi, si tabia ya mtu anayeficha alikotoka.

Alirudi Italia kwa msamaha wa washindi, akakuta shamba la babake halipo tena. Miji 18 ya Italia ilikuwa imetengwa ili ardhi yake wagawiwe askari waliostaafu, na Venusia ilikuwa mmojawapo. Akanunua nafasi ya ukarani katika hazina ya serikali, na huku akiandika hesabu za dola akaanza kutunga mashairi. Baadaye alisema kwamba umaskini ndio uliomsukuma kwenye ushairi baada ya mbawa zake kukatwa. Mashairi hayo yaliwavutia washairi Vergilius na Varius, nao wakamtaja kwa Maecenas, rafiki wa karibu wa Octavianus, mtawala yule atakayeitwa Augustus. Mkutano wa kwanza, yapata mwaka 38 KK, Horatius ameusimulia mwenyewe. Aliingia, maneno yakamkatika, akasema machache. Hakudai nasaba wala farasi wala mashamba. Alieleza yeye ni nani. Maecenas alijibu kwa ufupi, kisha miezi tisa ikapita kimya kabla ya kumwita tena na kumwambia ahesabiwe miongoni mwa rafiki zake. Rafiki ndilo neno lililotumika kwa adabu. Kila mtu alijua kwamba mmoja wao ana mali na mwenziwe hana, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko mwana wa mtu aliyewahi kuwa na patronus.

Katika hali hiyo ndipo alipotunga tashtiti zake, kitabu cha kwanza chenye tungo 10 karibu mwaka 35 KK, na cha pili chenye tungo 8 karibu mwaka 30 KK. Aliziita mazungumzo. Zimefuata mishororo ya mapigo sita, kipimo cha tenzi za kishujaa, lakini kipimo hicho kizito amekipa mwendo wa watu wanaoongea barazani. Katika kazi hiyo aliandamwa na kivuli cha Lucilius. Huyo aliandika vitabu 30, akawataja wakubwa wa Roma kwa majina yao na kuwachapa hadharani. Wapenzi wa Lucilius walimwuliza Horatius kwa nini yeye hafanyi hivyo, na wasomaji wa leo wanalirudia swali. Jibu la kwanza lipo katika hali za watu wawili hao. Lucilius alikuwa tajiri wa tabaka la wapanda farasi na rafiki wa Scipio Aemilianus, jemadari aliyeiangusha Karthago. Aliowashambulia walikuwa mara nyingi mahasimu wa Scipio. Uhuru wake wa kusema ulikuwa wa kweli, lakini ulisimama juu ya mali na juu ya bega la mkubwa. Kumtaka karani asiye na ardhi aseme kama Lucilius ni kumtaka mtu avae joho la mwingine.

Jibu la pili ni la nyakati. Mwaka 43 KK watawala watatu, Octavianus, Antonius na Lepidus, walibandika hadharani orodha za watu waliohukumiwa kufa bila kesi. Mwanahistoria Appianus anataja maseneta wapatao 300 na wapanda farasi 2,000. Cicero, msemaji mkuu wa Roma, aliuawa mwezi Desemba mwaka huo. Aliyeanza kuandika tashtiti miaka michache baadaye, tena akiwa amepigana upande ulioshindwa, alijua neno linaweza kugharimu nini. Ataulizwa: je, huko si kuthibitisha kwamba aliogopa? Sina haja ya kukana kwamba aliogopa. Ninachokana ni kwamba woga huo unaeleza ushairi wake. Mtu aliyeogopa tu angenyamaza, au angeandika sifa za washindi na kulipwa. Tena ujasiri wa kutaja majina tuupime vizuri. Juvenalis, anayesifiwa kuliko wote kwa makali, anafunga utungo wake wa kwanza kwa kutangaza kwamba atawashambulia waliokwisha kuzikwa kando ya barabara kuu za Roma. Hakuna anayemwita mwoga kwa hilo. Ikiwa kuwachapa wafu ni halali kwa Juvenalis, kuzichapa tabia badala ya watu hakuwezi kuwa fedheha kwa Horatius.

Jibu la tatu ndilo kubwa, nalo limo katika kile alichokigundua. Tungo zake za mwanzo zinahoji kwa nini hakuna anayeridhika na fungu lake, kwa nini mtu hukusanya nafaka asizoweza kuzila, kwa nini tunayaona makosa ya rafiki kwa jicho la tai na yetu tunayapitia kwa macho yenye chongo. Waswahili tuna msemo mkali kwa hilo, nyani haoni kundule. Lucilius aliwaonyesha Warumi makundu ya wengine. Horatius aliona kwamba dhihaka ya namna hiyo ina tundu, kwa sababu anayecheka hubaki salama, na anayebaki salama hajifunzi kitu. Ndiyo maana kidogo kidogo anamsogeza msemaji wa utungo, yule anayeitwa kwa jina lake mwenyewe, hadi kizimbani. Katika kitabu cha pili anawaachia wengine nafasi ya kusema, naye anageuka kuwa msikilizaji, na mara mbili anakuwa mshitakiwa. Hilo halikuwahi kuwa jambo dogo katika Roma, mji ambao heshima ya mtu ilikuwa mtaji wake wote.

Utungo wa saba wa kitabu hicho cha pili ndio kilele cha safari hiyo. Ni Desemba, wakati wa Saturnalia, sikukuu ambayo desturi iliwaruhusu watumwa kusema bila kuchungwa. Davus, mtumwa wa Horatius, anaomba ruhusa na anapewa. Anachokisema hakina huruma. Bwana wake, anadai, akiwa mjini hulilia shamba na akiwa shambani huusifu mji. Jioni isiyo na mwaliko hujigamba kwamba anapenda kula mboga zake kwa amani, lakini mwito wa Maecenas ukija usiku hupiga kelele atafutiwe mafuta ya taa, akatoka mbio. Mtumwa akisimama kutazama picha za wapiganaji zilizochorwa kwa makaa ukutani huitwa mvivu, na bwana akizubaa mbele ya mchoro wa fundi mashuhuri husifiwa kwa ujuzi. Kisha linakuja pigo lenyewe. Bwana anayeendeshwa na tamaa zake na matakwa ya wakubwa ni kikaragosi kinachochezeshwa kwa kamba na mkono wa mwingine. Nani basi aliye huru? Davus anajibu kama wanafalsafa wa Kistoa walivyojibu, kwamba ni yule anayejitawala, asiyetishwa na umaskini, kifo wala minyororo. Anakiri kwamba hekima hii ameisikia kwa bawabu wa mwanafalsafa mmoja, yaani kwa mtumwa mwenziwe. Bwana anatafuta jiwe la kumpigia, na kumtisha kwamba asipotoka atapelekwa shambani awe kibarua wa tisa.

Pingamizi la haki linasimama hapa, na halipaswi kukwepwa. Horatius aliishi kwa jasho la watumwa. Tishio lile linatujulisha kwamba wanane walikuwa tayari shambani kwake, na mahali pengine anataja watatu wakimwandalia chakula chake cha jioni. Hakuwahi kuandika kwamba utumwa ni dhuluma. Davus ni jina la mtumwa wa michezo ya kuigiza, na maneno yake yametungwa na bwana. Tena falsafa inayosema kwamba mtumwa wa kweli ni mwenye tamaa huweza kumfariji bwana kuliko kumfungua mtumwa. Yote hayo ni kweli, na yeyote anayejali habari za utumwa ana sababu ya kuyasema kwa sauti. Lakini utazame mwisho wa utungo. Mshairi aliyetaka kujifariji angemaliza kwa bwana kutabasamu na kumpongeza mtumwa wake mwenye hekima. Horatius amemaliza kwa bwana kukosa jibu na kukimbilia nguvu. Hoja imeshinda upande mmoja, na jembe limebaki upande mwingine. Sijui njia iliyo wazi zaidi ya kumwonyesha msomaji wa wakati ule kwamba mamlaka ya bwana juu ya mtumwa hayatokani na ubora wa bwana. Hakuvuka mpaka huo kwenda kuilaani desturi yenyewe, na hapo ndipo kikomo chake kilipo. Ila kufika hapo tu kulihitaji mtu anayeujua mlango wa utumwa kutoka ndani.

Pingamizi la pili linahusu kimya chake cha kisiasa. Mwaka 37 KK aliandamana na Maecenas katika safari ya kwenda kuwapatanisha Octavianus na Antonius, safari ambayo amani ya dola nzima ilitegemea. Utungo alioutoa humo unasimulia mbu na vyura wa mfereji, maji mabaya, ugonjwa wake wa macho, mkate wenye mchanga, na mabishano ya wachekeshaji wawili wakati wa chakula. Maecenas anakwenda kucheza mpira, Horatius na Vergilius wanakwenda kulala. Juu ya mazungumzo ya wakubwa hakuna neno. Wakosoaji wanaona hapa mtu aliyenunuliwa. Mimi naona mtu anayechora mpaka. Katika utungo mwingine anaeleza jinsi watu wa mjini walivyomzonga wakitaka siri za serikali, na wasivyoamini anaposema hajui kitu. Kuuza habari za mezani kwa mkubwa ndiyo iliyokuwa biashara ya mtumishi anayejipendekeza, na kupiga zumari la sera za mkubwa ilikuwa biashara ya pili. Horatius alizikataa zote mbili. Hakumsaliti Maecenas, wala hakuifanya safari ile kuwa utenzi wa kumtukuza. Msafara wa watawala ameugeuza kuwa safari ya binadamu wenye matumbo na macho mabovu, na humo hakuna ukubwa wa mtu.

Yapata mwaka 33 KK alipata shamba katika vilima vya Sabini, kaskazini mashariki ya Roma, lenye msimamizi wake na familia tano za wakulima. Fadhila hiyo ndiyo inayotajwa daima kama bei aliyouzwa. Basi tuuchunguze ushahidi wa namna alivyoishi nayo. Katika kitabu chake cha kwanza cha nyaraka za kishairi, kilichotoka karibu mwaka 20 KK, kuna waraka wa saba kwa Maecenas. Horatius alikuwa ameahidi kukaa shambani siku tano, akakaa mwezi mzima wa Agosti, na sasa anaandika kwamba hatarudi mjini wakati wa baridi pia. Anasimulia kisa cha mbweha mwembamba aliyepenya kwenye ghala la nafaka, akala akashiba, akashindwa kutoka kwa unene, na mnyama mwingine akamwambia kwamba aliingia mwembamba na atatoka mwembamba. Kisha anatamka bila kuficha kwamba ikiwa kisa hicho kinamhusu, yuko tayari kurudisha kila alichopewa. Anaongeza habari za Volteius Mena, dalali wa mnadani aliyeishi kwa furaha na kidogo chake, hadi mkubwa mmoja alipompa nusu ya fedha na kumkopesha nusu anunue shamba. Kondoo wakaibwa, mbuzi wakafa kwa maradhi, mavuno yakapungua, ng'ombe akaanguka kwenye jembe, na Mena akapanda farasi usiku wa manane kwenda kumsihi mkubwa yule amrudishie maisha yake ya zamani. Mtu huyo wa mnadani alifanya kazi mahali palepale alipofanyia baba yake Horatius. Mshairi aliyefungwa ulimi hawezi kumwandikia mfadhili wake waraka kama huo.

Ushahidi mwingine unatoka nje ya tungo zake. Suetonius, aliyeandika wasifu wake katika karne ya 2 BK na ambaye alisoma barua za Augustus, anaeleza kwamba mtawala huyo alimtaka Horatius aache meza ya Maecenas aende kwake kumsaidia kuandika barua. Kwa mwana wa mtu wa minada hiyo ilikuwa nafasi ya kukaa karibu na masikio ya dola nzima. Horatius alikataa, na Augustus hakumchukia. Baadaye mtawala akalalamika kwamba katika mazungumzo yake ya kishairi Horatius hamwelekezei yeye neno, kana kwamba anaogopa vizazi vijavyo vitamwona vibaya kwa urafiki huo. Ni kweli kwamba aliandika pia mashairi ya kumsifu Augustus, na kwamba mwaka 17 KK alitunga wimbo rasmi wa sherehe za dola, ulioimbwa na wavulana na wasichana. Sehemu hiyo ya kazi yake sitaitetea kwa hoja ya uhuru. Nasema tu kwamba aliyashikilia mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: aliamini kwamba amani baada ya vita vya miaka mingi inastahili shukrani, na aliamini kwamba shukrani ina mahali pa kukoma. Kazi yake nzuri zaidi ilitoka katika kuutafuta mpaka huo, na mtu asiyehisi hatari ya kuuvuka asingeutafuta.

Katika mojawapo ya nyaraka zake anazitaja tashtiti zake kwa jina la Bion, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 3 KK. Bion naye alikuwa mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, muuza samaki wa chumvi, na yeye mwenyewe aliwahi kuuzwa. Kati ya walimu wote ambao angeweza kuwadai kuwa babu zake wa fani, Horatius alimchagua huyo. Hapo tunapata jibu la wanaomlinganisha na washairi wakali zaidi. Ukali wa Juvenalis ni wa mtu anayehisi kwamba Roma imemnyang'anya nafasi aliyostahili kuzaliwa nayo, na ndiyo maana wageni na watumwa walioachwa huru huchapwa sana katika tungo zake. Horatius hangeweza kuchapa upande huo bila kumchapa babake. Upole wake una nasaba, nao ulitoka kwa watu ambao wakali wa Roma waliwacheka.

Maecenas alifariki mwaka 8 KK, akiwa amemwagiza Augustus amkumbuke Horatius kama yeye mwenyewe. Tarehe 27 Novemba mwaka huo huo Horatius akamfuata, siku chache kabla ya kutimiza miaka 57. Ugonjwa ulimwahi kabla ya kutia muhuri wasia, akamtaja Augustus kwa mdomo kuwa mrithi wake. Alizikwa pembeni mwa kilima cha Esquilinus, karibu na kaburi la Maecenas. Kilima hicho alikuwa amekiandika katika tashtiti zake za mwanzo, zaidi ya miaka 25 nyuma. Alikumbusha hapo kwamba kabla Maecenas hajakifanya bustani, kilikuwa makaburi ya maskini, mahali ambapo mtumwa aliyekufa katika chumba chake finyu alibebwa ndani ya sanduku la bei ya chini, kwa gharama ya mtumwa mwenziwe. Warumi waliotembea katika bustani hizo wangeweza kusahau kilichokuwa chini ya miguu yao. Mwana wa mtumwa hakusahau, aliandika, na mwisho akalazwa katika udongo huo huo.